Alama kwenye vyuma vya peni: nilivyoharibu nyingi kabla sijaelewa

Mama wa lodge alichukua peni moja akaenda nayo dirishani. Hakusema kitu, akaigeuza geuza kwenye jua la saa nne, akaja akachukua ya pili, ya tatu, mimi nimekaa pale mapokezi na boksi langu mapajani najifanya naangalia simu. Alafu akarudi akaniambia, "Mdogo wangu, mbao yako nzuri sana kwakweli, ila hivi vyuma vimeshatumika?"

Mpya kabisa. Nilikua nimezimalizia usiku wa jana yake, nikadamka Moshi alfajiri, nikapanda kosta mpaka Usa River nikiwa na peni 60 za mpingo, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata mpaka siku hiyo. Kwenye taa ya chumbani kwangu zilikua zinang'aa zote. Pale dirishani kwa mama zikaonekana zilivyo, klipu zina michirizi ya kijivu, ncha zingine zina ukungu mweupe, mbili zina meno ya plaizi kabisa, yaani unaweza kuhesabu. Alichukua 19 akanilipa hapo hapo, 41 nikarudi nazo. Akanipa wiki mbili. Mama mstaarabu sana yule, mwingine angenifukuza na zote.

Kwa asiyejua hii kazi, mimi natengeneza peni za mbao kwenye kibaraza cha nyumba hapa Majengo. Nina kimashine kidogo cha kukereza nilichonunua kimetumika, nakata mpingo, mabaki ya mafundi wa vinyago, na siku hizi mti wa kahawa pia maana baba mdogo kule Uru aling'oa mibuni yake ya zamani akaniambia njoo ubebe kabla mama yako mdogo hajafanya kuni. Mbao natoboa katikati, naingiza mrija wa brasi wa milimita 7 na gundi, nakereza, napiga msasa, napaka nta. Vyuma sitengenezi, vinakuja seti toka nje: ncha, pete ya katikati, kichwa, klipu na kile kidude cha kuzungusha kinachotoa rifili, ule mrija wa wino. Hivyo vyuma havina skrubu wala nini, unavikandamiza tu kwenye mrija mpaka vikae. Na hapo kwenye kukandamiza ndo matatizo yote yanaanzia.

Kosa la kwanza nililofanya baada ya kurudi na zile 41 ni kuwa na haraka. Nikachukua ile dawa ya maji ya kwenye kopo ya kung'arishia shaba, ile askari wa paredi wanasugulia vifungo, nikaanza na klipu za rangi ya dhahabu. Kitambaa kikawa cheusi, nikafurahi, si uchafu unatoka huo. Nikasugua nane moja kwa moja bila kupumzika. Nilivyozifuta vizuri nikaona pembeni zimebadilika rangi, sio dhahabu tena, ni kaweupe weupe, na mkwaruzo uko pale pale. Nimeondoa dhahabu nimeacha mkwaruzo, sijui nikuambie nini hapo aisee.

Si unajua sisi tumekulia kwenye kusugua sufuria na jivu, mama akiona sufuria haing'ai anasema hujasugua, rudi. Kwaiyo kichwani kwangu kitu cha chuma kikichafuka jibu ni moja tu, ongeza nguvu. Sufuria ni chuma mpaka ndani, hata ukisugua miaka kumi utakuta ni ile ile. Klipu ya kuchovya ina kangozi tu ka dhahabu pale juu, mara nyingi hakafiki hata mikroni moja, na unywele wa kichwani mwako ni kama mikroni 70, sasa piga hesabu. Ile dawa ina unga laini ndani yake unaokula chuma kidogo kidogo, kwenye kifungo cha brasi tupu inafanya kazi vizuri kabisa, kwenye dhahabu ya kuchovya unakula mali yako mwenyewe.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi saa, anakaa na kimeza chake hapa mjini, nlikua nampita kila siku nasalimia tu shikamoo marahaba basi. Siku hiyo nikasimama nikamuonyesha. Akaweka ile lenzi ya jichoni, akaangalia klipu muda mrefuu, alafu akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya alama, taratibu, mara moja.

"Mwanangu, hii haiko ndani. Hii iko juu."

Akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akakichovya kwenye kitone cha mafuta ya cherehani, akasugua ule mchirizi wa kijivu kama dakika moja hivi. Ukatoka wote. Chini yake kromu, ile ngozi nyeupe inayong'aa ya klipu zisizo za dhahabu, iko nzima kama imezaliwa leo.

Nikamuuliza mzee kwani ilikua nini, akaniuliza na yeye, unabania na nini. Nikamwambia nina vaisi, kile chombo cha kubania, nimeweka vipande vya alumini kwenye meno yake ili isiumize. Akacheka. Alumini ni laini, kromu ni ngumu, ukikandamiza na kuteleza kidogo alumini ndo inayosagika na kubaki juu ya kromu, kama chaki kwenye ubao, unaona kama mkwaruzo kumbe ni alumini imejipaka. Nilikua na michirizi ya hivyo kwenye klipu zaidi ya ishirini na zote nilikua nimeshazihesabu zimekufa.

Basi tokea hapo kila alama naanza na ukucha. Ukucha ukinasa, chuma kimeumia, kuna bonde pale. Ukucha ukipita bila kushtuka, basi kuna kitu kimekaa juu au mkwaruzo wenyewe ni mwepesi mno, jaribu vya upole kwanza: kitambaa cha miwani na pumzi yako ya mdomoni, ikigoma maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikigoma mafuta na kijiti. Kijiti kiwe cha mbao, usije ukatumia pini. Na steel waya usiiguse kabisa, hata ile laini kama pamba, kwenye kromu inaacha nywele nywele ambazo utaziona siku mteja atakapozipeleka dirishani.

Nikabadilisha vipande vya vaisi. Kwanza nikaweka mpira wa tyubu ya baiskeli, nikajiona mjanja, kesho yake peni zote zina doa jeusi pale zilipobanwa. Mpira nao unajipaka. Hiyo hata sio shida, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa inatoka, ila ni kazi juu ya kazi. Nikaja kukata ile chopping board nyeupe ya plastiki, vipande viwili, nikavibandika kwenye meno ya vaisi, na hapo mpaka leo sijabadilisha. Ngozi ya fundi viatu nayo nzuri ila ikiingia punje moja ya vumbi la msasa haitoki, inakaa inakwaruza peni mpaka peni na wewe hujui. Plastiki unaifuta tu.

Sasa ule ukungu mweupe. Huu ulinisumbua kuliko yote maana ulitokea usiku nikiwa nimelala.

Ilikua hivi, biti yangu ya drili ilikua imechoka inatikisika, matundu yakawa makubwa kidogo, mirija inacheza ndani ya mbao. Nikawa namimina supa gluu nyingi kuziba nafasi, na kwenye vyuma vilivyolegea naongeza tone ili vishike. Nikimaliza naziweka kwenye boksi nafunga kifuniko vumbi lisiingie. Ni mwezi wa nne huo, masika, Moshi inanyesha kutwa nguo hazikauki. Asubuhi nafungua boksi, ncha zote zina ukungu kama kioo cha gari asubuhi, na kwenye baadhi ya vichwa vya dhahabu kuna alama za vidole vyangu, nyeupe, kila mstari wa kidole unauona, yaani ungeweza kunikamata nazo.

Na kumbe ndo wanavyokamatia kweli. Polisi kwenye nchi nyingi wanatumia mvuke wa supa gluu kutoa alama za vidole, wanaweka kitu kwenye kasha wanapasha gundi, mvuke unaenda kushika pale mtu alipogusa unakua mweupe. Mimi nilikua nimejitengenezea kasha la upelelezi la kwangu bila kujua. Gundi nyingi, sehemu imefungwa, unyevu wa masika, na jasho la vidole kwenye vyuma. Kila kitu kilikuepo.

Ukungu huo unatoka na asetoni. Nilienda kwa dada wa kucha hapo jirani akanimiminia kwenye kichupa, nikamwambia nikiuza nakuletea peni, mpaka leo ananidai hiyo peni. Unalowesha pamba kidogo tu, unafuta chuma, unaona kabisa ukungu unayeyuka. Kwenye zile za mpingo mambo yalienda freshi, maana mpingo wangu hauna vanishi wala gundi juu, ni nta tu, ikitoka unapaka nyingine. Nikapata kichwa kikubwa. Nikahamia kwenye peni chache za mti wa kahawa nilizokua nimeziweka pembeni kwa mteja mwingine, na zile nilikua nimezimalizia kwa kupaka supa gluu juu ya mbao kama vanishi ing'ae. Asetoni haichagui. Ikatiririka toka kwenye pete ikagusa mbao, ile sehemu ikalegea ikawa kama ute, nilivyoshika na kidole ikabaki alama ya kidole. Tatu zikaenda hivyo. Alafu kuna klipu nne nyeusi nilizitumbukiza zima zima kwenye kichupa nikaenda kunywa chai, narudi ule weusi umejikunja kama ngozi ya maziwa, kumbe ulikua ni rangi tu ya kupaka juu ya chuma. Chuma kikiwa cheusi au kina vanishi jaribu kwanza sehemu ya ndani isiyoonekana, na kama peni imeshaungwa chomoa vyuma kwanza.

Kuchomoa nako kuna namna yake, usifanye kama mimi. Yale meno ya plaizi aliyoyaona mama yalitokana na ncha mbili zilizoingia upande, nikazivuta kwa plaizi nimezizungushia karatasi. Karatasi! Sahihi ni kuzisukuma toka ndani. Nimechukua msumari wa inchi tano, nikakata ile ncha yake kali, nikausawazisha kwa msasa, unaingia ndani ya mrija unagonga kwa nyuma taratibu na nyundo ndogo, ncha inatoka yenyewe bila mtu kuigusa. Mbao uishike mkononi imezungushiwa kitambaa, usiigongee juu ya meza maana mpingo ni mgumu ila ukipigwa vibaya unapasuka kama kioo. Mpingo ukiutumbukiza kwenye maji unazama, huko nje wanatengenezea klarineti na zumari, lakini ugumu huo huo ndo unaoupasua.

Zile ncha mbili zenye meno hazikupona, kwenye kitu cha kuchovya ukucha ukinasa basi. Kuna mtu atakuambia dawa ya meno, sijui ndimu na chumvi, sijui mchanga wa mtoni. Dawa ya meno nayo ina unga unaokwaruza, kwenye dhahabu ya kuchovya ni njia ndefu tu ya kufika kule kule nilikofika na dawa ya kopo. Ndimu na chumvi ni ya brasi tupu iliyofifia, na hata hiyo ni kupaka na kusuuza, mimi niliacha pete moja kwenye ndimu toka asubuhi mpaka jioni nikakuta imekua ya pinki. Kweli pinki. Asidi inakula zinki iliyo kwenye brasi, inabaki shaba nyekundu juu. Ilibidi niisugue upya.

Zile klipu nane nilizoziharibu mwanzo niliona bora nizimalizie, nitoe dhahabu yote zibaki chuma tupu niuze kama mtindo. Mzee wa saa akaniambia weka sumaku kwanza. Zikanasa. Ni chuma cha springi, ukitoa ngozi yake kinashika kutu na mvua za hapa utakiona wiki ya pili. Vichwa na ncha havikunasa, nikadhani vyote ni brasi, nikasugua kichwa kimoja kikatoka vizuri rangi ya njano, nikasugua ncha, chini yake ikatoka kijivu kama betri ya zamani, ni zinki ya kumimina hiyo, haing'ai ikakaa. Kwaiyo wazo likaishia hapo, isipokua pete za katikati, hizo zangu zote zilikua brasi.

Na pete ndo zikanifundisha kusugua kwenyewe, maana baada ya hapo nilianza kukereza pete zangu kutoka kwenye fimbo ya brasi niliyoinunua kwa wauza vyuma kule Unga Limited, Arusha. Brasi nzima hadi ndani, hapo sasa nguvu inaruhusiwa, ile niliyofundishwa na sufuria. Ila kwa mpangilio. Msasa wa maji namba 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000, na hauruki namba hata kama una haraka. Nlikua naruka toka 400 naenda 1000 nikiamini 1000 itamaliza, inang'aa kweli, alafu ukiinamisha kwenye mwanga unaona mistari ya 400 imekaa chini inakuangalia. Kila namba unasugua mpaka mistari ya namba iliyopita iishe, unafuta vumbi, unabadilisha kitambaa, ndo unaenda nyingine. Punje moja ya 400 ikibaki kwenye maji ya 2000 umerudi mwanzo.

Alafu kitu kimoja kilichonichukua muda kukiona: mashine ikiwa inazunguka, msasa unaacha mistari ya duara kuzunguka pete, na hiyo hata ukifika 2000 jicho linaiona maana yote imelala upande mmoja. Zima mashine, kila namba malizia kwa mkono kwa kufuata urefu wa peni, mara kumi na tano ishirini hivi, mistari ya duara inakatika. Baada ya hapo ndo dawa ya kopo, kidogo, na fulana ya mtumba ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Ukimaliza usiguse na vidole vitupu, jasho linaandika kwenye brasi na baada ya siku kadhaa linakua doa la kahawia. Navaa glovu za pamba, majirani wanasema daktari kaingia kazini, na juu napaka nta kidogo kuchelewesha kufifia. Kufifia itafifia tu, namwambia mteja kabisa.

Kwenye mikwaruzo midogo ya kromu iliyobaki sikufanya kitu. Hili gumu kulikubali kwa fundi anayetaka kila kitu kiwe safi, lakini kuna mkwaruzo ambao ukiuacha utauona wewe tu, ukiugusa utauona mteja. Klipu yenye nywele moja kwa chini niliigeuzia upande wa ndani unaoingia mfukoni, basi.

Wiki ya pili nikarudi Usa River. Katika zile 41, 28 zilikua zimepona kwa kijiti, mafuta na asetoni tu, hakuna kipya kilichowekwa. 9 nilibadilisha vyuma kwa seti za akiba nilizokua nazo, 4 mbao ilipasuka wakati wa kuchomoa nikakereza nyingine toka mwanzo. Biti mpya ya drili, gundi kidogo, sasa natumia ile ya kuchanganya mbili kwa mirija, na peni zinakaa wazi mezani usiku mzima juu ya gazeti kabla hazijaingia kwenye boksi. Gundi kwenye vyuma sitii tena, kama kinalegea ni tundu bovu, narudia tundu.

Mama akazipeleka dirishani zote, moja moja, dakika arobaini. Nilikunywa chai vikombe viwili. Moja aliirudisha mezani akanionyesha doa kwenye kichwa, nikapitisha ukucha, haukunasa, nikapulizia pumzi nikafuta na kitambaa, likaondoka. Ilikua ni kidole chake mwenyewe, ila sikumwambia.

Ameagiza nyingine 30 kwa ajili ya msimu wa wageni wa mwezi wa saba. Safari hii anataka za mti wa kahawa na vyuma vyeusi, vile vya rangi. Kichupa cha asetoni nimeshakitoa mezani, kiko juu ya kabati, na dada wa kucha nimemwambia hata nikija kuomba asinipe mpaka oda iishe.